Ijue Homa ya West Nile: Ugonjwa wa Ndege Unaobebwa na Mbu



Katika kutembelea vikundi, liko swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi, hasa na akina mama. "Mtoto alikuwa na homa kali. Tukampeleka dispensari, akapimwa malaria, tukaambiwa hakuna. Sasa hiyo homa ilikuwa ya nini?"

Hilo ni swali zuri. Homa ni kama moshi. Ukiona moshi wajua kuna kitu kinaungua, lakini moshi wenyewe haukuambii kama ni kuni, ni majani, au ni nyumba ya jirani. Wengi wetu tumezoea kusema kila homa ni malaria. Tunakwenda dukani, tunanunua vidonge, tunameza na kungoja. Kumbe ziko homa nyingine nyingi, na baadhi yake pia huletwa na mbu.

Leo tumechagua kueleza moja tu: homa ya West Nile. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, iligunduliwa hapa jirani, Uganda. Pili, ni ugonjwa wa ndege ambao huwapata watu kwa bahati mbaya tu, na habari zake zinatufundisha jinsi ugonjwa unavyobadilika na kusafiri. Tatu, mbu anayeubeba huzaliwa katika maji yaliyosimama karibu na nyumba zetu, na hayo tunaweza kuyaondoa sisi wenyewe bila kungoja mfadhili.

JINA LILITOKA WAPI?

Mwaka 1937 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyokuwa Entebbe walikuwa wakizunguka vijijini Uganda wakiwapima watu damu. Katika wilaya ya West Nile, yaani upande wa magharibi wa mto Nile, pahali paitwapo Omogo, walimkuta mwanamke mmoja mwenye homa. Damu yake ilipochunguzwa haikuwa na homa ya manjano. Ilikuwa na virusi ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amevijua. Mwaka 1940 habari hiyo ilichapishwa, na virusi vikapewa jina la wilaya ile.

Tafadhali tuelewane hapa. Jina hilo si lawama kwa watu wa West Nile. Ugonjwa mara nyingi hupewa jina la pahali ulipoonekana mara ya kwanza, si pahali ulipoanzia. Walioonekana wa kwanza ni wale waliopimwa kwanza, basi.

Mapema katika miaka ya 1950 utafiti mwingine ulifanywa vijijini Misri, kaskazini ya Cairo. Huko ilionekana kwamba watu wazima wengi walikuwa tayari na kinga katika damu yao. Maana yake waliambukizwa wangali watoto, wakapata homa ndogo au wasiugue kabisa, na maisha yakaendelea. Wataalamu walivipata virusi hivyo ndani ya mbu, na pia ndani ya ndege. Hapo ndipo picha ilianza kuwa wazi: huu ni ugonjwa wa ndege, na mbu ndiye mchukuzi.

MZUNGUKO WA NDEGE NA MBU

Tuueleze mzunguko huu polepole, kwa sababu ukiuelewa utajua pa kuukata.

Mbu jike huhitaji damu ili atage mayai. Anamuuma ndege mwenye virusi, na virusi vinaingia tumboni mwake. Lakini siku hiyo hiyo mbu huyo hawezi kumwambukiza mwingine. Ni lazima virusi vizaane ndani yake, vipenye ukuta wa tumbo, vifike kwenye tezi za mate. Safari hiyo huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Joto likizidi, siku zinapungua. Baada ya hapo, kila anapouma anatema mate, na mate yale yana virusi.

Ndege aliyeumwa huwa na virusi vingi sana katika damu kwa siku chache. Mbu wengine wakimuuma wakati huo wanavichukua, na mzunguko unaendelea: ndege, mbu, ndege, mbu.

Mtu anaingiaje hapo? Anaingia kama mpita njia. Mbu aliyezoea kuuma ndege anakosa ndege, anamkuta mtu amekaa nje jioni, anamuuma. Farasi naye hupatwa vivyo hivyo. Lakini mtu na farasi ni mwisho wa barabara. Virusi katika damu yao ni vichache mno, na mbu akiwauma hapati vya kutosha kumwambukiza mwingine. Kwa hiyo mgonjwa wa homa hii si wa kuogopwa. Hukuambukizi kwa kukusalimia, kula nawe, wala kulala nyumba moja nawe. Mojawapo ya njia zinazojulikana za mtu kumwambukiza mtu ni damu ya kuongezewa hospitalini. Jambo hilo liligunduliwa Marekani mwaka 2002, na tangu mwaka 2003 damu inayotolewa huko hupimwa virusi hivi.

Mbu wanaohusika zaidi ni wa jamii ya kuleksi. Wenzetu wa Pwani wanamjua vizuri, maana ni mmoja wa wale wanaoeneza matende. Huuma usiku.

Na sisi Kenya tunao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulivipata virusi vya West Nile ndani ya mbu wa kuleksi kutoka Bonde la Ufa. La kushangaza ni kwamba vilikuwa ndani ya mbu dume. Mbu dume hanyonyi damu kabisa, yeye hula maji matamu ya maua. Basi alivipata wapi? Kwa mama yake, kupitia yai. Kwa hiyo hata ndege wakihama, virusi vyaweza kubaki pahali ndani ya mayai ya mbu.

SAFARI YA MBALI

Kwa miaka mingi homa hii ilionekana kuwa jambo dogo. Mwaka 1974 mvua kubwa ilinyesha katika nchi kavu ya Karoo, Afrika Kusini, mbu wakawa wengi kupita kawaida, na maelfu ya watu wakaugua. Hata hivyo karibu wote walipona.

Mambo yaligeuka mwaka 1996 katika mji wa Bucharest, Rumania. Watu 393 walithibitishwa kuwa na ugonjwa huu, wengi wao ukiwa umeingia kwenye ubongo, na 17 wakafa. Wachunguzi walipotafuta sababu waliingia katika majumba ya ghorofa na kuona vyumba vya chini ya ardhi vimejaa maji yaliyovuja kutoka kwenye mabomba mabovu. Mbu walikuwa wakizaana humo. Waliokuwa wakikaa katika majumba yenye maji chini ndio walioambukizwa zaidi. Yaani virusi vililetwa na ndege, lakini ugonjwa ulikuzwa na bomba ambalo hakuna aliyelitengeneza.

Mwezi wa Agosti 1998 kundi la korongo weupe kama 1,200 lilishuka katika mji wa Eilat, kusini ya Israeli, likiwa limesukumwa na upepo nje ya njia yake. Korongo hawa ni wale ndege wakubwa weupe wenye mabawa yenye weusi, wanaozaana Ulaya na kuja Afrika kukimbia baridi. Hata hapa kwetu huonekana mashambani. Wale wa Eilat karibu wote walikuwa vijana, waliozaliwa Ulaya mwaka ule ule, na hawajawahi kufika Afrika. Baadhi yao walikufa, na walipopimwa walikutwa na virusi vya West Nile. Hii ilionyesha kwamba virusi vilikuwa tayari vinazunguka njiani, wala havikungoja ndege avitoe Afrika kila mwaka. Mwaka huo huo mabata bukini wachanga walikufa katika mashamba ya ufugaji huko Israeli.

Mwaka uliofuata, 1999, ikawa zamu ya New York, Marekani. Mwezi wa Agosti, Dkt. Deborah Asnis, aliyekuwa daktari katika hospitali moja mjini humo, aliona wazee wawili wenye homa na udhaifu wa misuli asioujua. Hakunyamaza, akapiga simu kwa idara ya afya ya mji. Wagonjwa wengine wakapatikana. Walipopimwa, ilidhaniwa kwanza kwamba ni ugonjwa mwingine wa mbu uliozoeleka Marekani, uitwao homa ya ubongo ya St. Louis.

Wakati huo huo, kunguru walikuwa wakianguka na kufa barabarani na katika bustani. Dkt. Tracey McNamara, mganga wa wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, aliwapasua kunguru hao na pia ndege wa bustani yake waliokufa, akaona ubongo umeharibika. Akajiuliza: homa ya St. Louis haijulikani kuua ndege, sasa hawa wanakufa na nini? Alisisitiza kwamba ndege na watu wanaugua kitu kimoja. Mwanzoni wengi waliona habari za ndege ni za ndege na habari za watu ni za watu. Sampuli zilipochunguzwa katika maabara nyingine, ukweli ukajulikana: ni West Nile, mara ya kwanza kabisa kuonekana katika bara la Amerika. Virusi vile vilikuwa karibu sawa kabisa na vile vya bata bukini wa Israeli wa mwaka 1998. Vilikuwa vimevuka bahari.

Mwaka huo watu 62 waliugua New York na 7 wakafa. Kutoka hapo virusi vilisonga mwaka hadi mwaka, vikibebwa na ndege wa kawaida tu wa mashambani na mijini. Kufikia mwaka 2003 vilikuwa vimefika California, upande wa pili wa Marekani, na mwaka huo peke yake wagonjwa walioandikishwa nchini humo walikuwa 9,862 na waliokufa 264. Tangu 1999 homa hii imeua zaidi ya watu 2,000 Marekani. Idadi ya kunguru waliokufa haina hesabu.

VIRUSI HUBADILIKAJE?

Hapa wengi watauliza: ikiwa ni virusi vile vile, mbona Misri na Uganda watu wengi walipata homa ndogo, na New York ndege wakafa barabarani?

Fikirieni katibu wa kikundi anayenakili katiba ya kikundi kwa mkono. Akinakili mara moja, labda atakosea herufi moja. Akinakili mara elfu, makosa yatakuwa mengi. Makosa mengi hayabadilishi maana. Mengine yanaharibu maana, na nakala hiyo inatupwa. Lakini mara moja moja kosa linaweza kubadilisha sheria yenyewe.

Virusi vya West Nile vina "katiba" yenye herufi kama 11,000, na kila vinapozaana vinainakili. Hakuna anayesahihisha. Ndani ya ndege mmoja nakala ni nyingi mno kuhesabika. Ikitokea nakala yenye kosa linaloifanya izaane upesi au ienee upesi, hiyo ndiyo itakayobaki. Hakuna aliyepanga. Ni kama mkulima mwenye mbegu za mahindi zilizochanganyika: mvua ikiwa haba msimu baada ya msimu, mwishowe shamba litabaki na zile zinazokomaa mapema. Mahindi hayakufanya mkutano.

Tutatoa mifano miwili, na wa kwanza unatuhusu sisi moja kwa moja.

Mfano wa kwanza ni kunguru. Wataalamu Marekani waliwadunga kunguru wa kwao virusi vya aina mbalimbali. Waliodungwa virusi vya New York walikufa wote katika siku chache. Waliodungwa virusi vilivyotoka kwa mbu wa Kenya hawakuumia kiasi hicho, na virusi katika damu yao vilikuwa vichache zaidi. Ndipo wataalamu wakalinganisha zile "katiba" mbili, wakaona pahali pamoja palipotofautiana. Wakabadilisha pahali hapo pamoja tu katika virusi vya Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: virusi vya Kenya vikawa vikali kwa kunguru kama vile vya New York. Badiliko moja tu! Tena ilionekana kwamba badiliko hilo lilikuwa limetokea lenyewe zaidi ya mara moja, katika nchi mbalimbali, na mara nyingi pahali palipotokea milipuko.

Mfano wa pili ni mbu. Miaka michache baada ya virusi kuingia Marekani, aina mpya ilitokea, na muda si muda ikaifukuza ile ya kwanza kabisa. Siri yake ilikuwa nini? Ile safari kutoka tumboni mwa mbu mpaka kwenye mate ilifupishwa, katika baadhi ya majaribio kwa siku 4 hivi. Siku 4 kwetu ni kidogo. Lakini mbu wengi hufa kabla ya kumaliza wiki chache. Kama virusi vinamngoja mbu wiki mbili, mbu wengi watakufa kabla hawajaambukiza yeyote. Vikipunguza siku 4, mbu wengi zaidi wanakuwa hai na tayari kuuma.

Ulaya nako kumekuwa na jambo kama hilo. Virusi hivi vina koo mbalimbali, na ukoo mmoja kwa muda mrefu ulijulikana tu Afrika kusini ya Sahara na Madagaska. Ulidhaniwa kuwa mpole. Mwaka 2004 ulionekana Hungaria katika ndege mwindaji. Mwaka 2010 ukalipuka Ugiriki, watu zaidi ya 260 wakaugua na 35 wakafa. Virusi vya Ugiriki vilikuwa vimebadilika pahali pale pale palipowaua kunguru wa Marekani.

Somo letu ni hili: tusiseme "hiyo imekuwako siku zote, haina neno". Ugonjwa mpole wa leo hauna mkataba na sisi kwamba utabaki mpole. Kila pahali penye mbu wengi na ndege wengi, ile katiba inanakiliwa usiku na mchana. Hatuwezi kuzuia makosa ya kunakili, wala hatuwezi kuzuia korongo wasiruke. Tunachoweza ni kupunguza mbu, na kufungua macho.

DALILI KWA MTU

Katika watu 10 walioambukizwa, kama 8 hawatasikia lolote. Wengine 2 watapata homa, kuumwa na kichwa, mwili na viungo, pengine kutapika au kutokwa na vipele. Wengi wao hupona, ingawa uchovu waweza kukaa wiki kadhaa. Kama mtu 1 katika 150 ugonjwa huingia kwenye ubongo au uti wa mgongo. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wale ambao miili yao imedhoofishwa na magonjwa mengine.

Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja mkiona homa pamoja na mojawapo ya haya: shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, usingizi usioamka, degedege, kutetemeka, au mkono ama mguu kuishiwa nguvu. Dalili hizi zaweza pia kuwa za malaria kali au za homa ya uti wa mgongo, na hizo zina dawa zisizotaka kucheleweshwa. Msibishane nyumbani ni ugonjwa gani. Twendeni.

Homa ya West Nile yenyewe haina dawa ya kuua virusi, wala hakuna chanjo kwa watu. Chanjo iliyopo ni ya farasi. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji, dawa za maumivu na uangalizi. Na kama ni homa ya kawaida, kwanza pima malaria. Ukiambiwa hakuna, usilazimishe dawa za malaria. Rudi tena kama homa haishuki.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Chagueni siku moja ya kila wiki iwe siku ya maji. Kutoka yai mpaka mbu wa kuruka ni kama siku 7 hadi 10 wakati wa joto. Kwa hiyo ukimwaga maji yaliyosimama kila wiki, unavunja nyumba yake kabla hajahama. Pitieni boma kwa boma: makopo, matairi ya zamani, madebe yaliyovunjika, mitaro iliyoziba, mashimo ya maji ya kufulia na kuogea. Yale ya kumwaga mwageni, ya kufukia fukieni, ya kufunika funikeni. Tanki ya maji ya mvua iwe na mfuniko na wavu.

2. Angalieni choo. Choo cha shimo chenye maji ndani ni hospitali ya uzazi ya kuleksi. Tundu lifunikwe, na bomba la hewa liwekwe wavu juu. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walijaribu njia rahisi dhidi ya matende. Walimwaga juu ya maji ya vyoo vya shimo vipira vidogo vyepesi vya plastiki nyeupe, ile ya kufungia redio na vyombo vya kuvunjika. Vipira vinaelea, vinafunika maji yote, na viluwiluwi vinakosa hewa. Mbu walipungua sana. Njia hii hufaa tu katika shimo lenye maji, na lisilofurika.

3. Wajueni viluwiluwi. Chota maji kwa kikombe cheupe mtazame. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Vya kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia juu kama mtu anayevuta hewa kwa mrija. Watoto wakionyeshwa mara moja hawasahau, na watawaonyesha hata mashimo msiyoyajua.

4. Laleni ndani ya neti. Neti ya malaria inazuia hata kuleksi. Wazee wetu wawe wa kwanza kuipata, pamoja na watoto na wajawazito. Wanaokaa nje jioni wavae nguo ndefu.

5. Tazameni ndege. Mkiona ndege wengi wamekufa pahali pamoja, msiwashike kwa mikono mitupu wala msiwale. Mwambieni chifu au afisa wa mifugo upesi, siku hiyo hiyo. Lakini kumbukeni pia kwamba hapa kwetu ndege wengi hubeba virusi bila kufa. Ndege wakinyamaza, hiyo si hati ya usalama. Na tafadhali, msiwaue ndege. Si wao waliojaza maji kwenye matairi.

6. Msiwachinje kuku kwa hofu. Kuku akipata virusi vya West Nile kwa kawaida haugui, na damu yake haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu. Marekani, kuku hufugwa kama askari wa zamu: hupimwa damu mara kwa mara kuonyesha kama virusi vimefika. Kuku wenu wakifa kwa wingi, fikirieni kwanza kideri, na mwiteni afisa wa mifugo. Kideri kina chanjo, na kikundi kinaweza kuichangia pamoja.

7. Wenye farasi au punda, mkimwona mnyama anayumba, miguu ya nyuma dhaifu, anaanguka, mwiteni daktari wa mifugo. Mnyama huyo naye anaweza kuwa anawapa habari.

NENO LA MWISHO

Tumetoka Omogo mwaka 1937, tukafika New York, tukarudi nyuma ya nyumba zetu. Katika safari hiyo yote, waliosaidia mapema hawakuwa wenye mashine kubwa. Ni daktari aliyeona wagonjwa wawili wa ajabu akapiga simu. Ni mganga wa wanyama aliyeona kunguru wamekufa akakataa kunyamaza. Mashine zilikuja baadaye kuthibitisha. Kazi hiyo ya kuona na kusema, kila kikundi chetu kinaweza kuifanya.

Na kule Bucharest, bomba lililovuja lilikuwa likijulikana na wote waliokaa juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika boma zetu, maji yaliyosimama yako wapi leo hii? Ni yapi tunaweza kuyaondoa kabla ya mkutano ujao?
- Mara ya mwisho mtu wa nyumbani kwako alipokuwa na homa, alipimwa kabla ya kumeza dawa? Kama hakupimwa, ni nini kilizuia: pesa, umbali au mazoea?
- Tukiona ndege au kuku wamekufa wengi, ni nani katika kikundi atakayepeleka habari, na kwa nani?
- Nani atakuwa mwangalizi wa siku ya maji mwezi huu, na nani atampokea mwezi ujao?

Baada ya mwezi mmoja wa siku ya maji, tuandikieni mtuambie mliona nini, hata kama ni magumu tu. Tutafurahi kuwashirikisha wengine. Kwaherini kwa sasa.